Malkia Kwanza, Kisha Mama

Dada Bosi, mambo! Huku Kilema mvua ipo, ndizi zimekomaa.

Ulisema tumuuze ng'ombe wetu Malkia ili Mama apumzike kuhangaika naye. Ngoja kwanza! Tangu figo zake zishindwe, Mama alikuwa anaruka baadhi ya mifuko ya maji ya kusafisha damu kupitia tumboni, eti inamfunga ndani ya nyumba. Nesi wa Moshi akamuuliza, "Mama, siku yako inaendaje?"

"Nakamua asubuhi na jioni."

Basi daktari akampima, akampangia upya saa za mifuko zifuate saa za kukamua. Sasa haruki hata mmoja! Akishakamua ananawa kwa sabuni, anatundika mfuko, anacheka: "Malkia tayari, zamu yangu."

Ni mimi mdogo wako, Godlove. Mnunuzi uliyemtuma yuko getini na kamba. Ungekuwa wewe, dada, ungemfungulia?