Simba kwenye Tovuti ya Mbao

Makambako, Jumatano

Simba! Mimi nauza mbao, fundi wa tovuti ananiwekea simba anayetingisha mkia. Nilimwambia aandike Mama Tumaini, jina ninalojulikana nalo mjini, namba ya simu na njia ya kufika. "Mama, huo ni ushamba," akasema, akaweka jina la Kiingereza alilolibuni mwenyewe na neno Makambako, basi; namba ya simu hakuna. Nikakubali, mjinga mimi.

Leo Mzee Hamisi kasimamisha lori lake getini, limejaa mbao za Njombe za mteja wa Dodoma. Ananiambia huyo mteja aliona tovuti yetu, akaja, akazunguka Makambako siku nzima akiulizia lile jina. Nani analijua? Akakata tamaa, kesho yake akaenda Njombe.

"Alilala wapi?" nikauliza.

Mzee Hamisi akaionyesha gesti ya ng'ambo ya barabara. Madirisha yake yanatazama mbao zangu.

Kesho fundi atanitambua. Aje na simba wake.