3816547290, Namba ya Mama Sifa

Goma, Majengo

Papa yangu mupenzi,

Nakuamukia wewe na Mama. Mimi niko muzima, kikohozi kimeisha. Goti lako je? Unafika kanisani bila fimbo? Sema ukweli.

Papa, nina habari ya furaha. Ile kalasi yangu ya watu wazima, yenye ninafundisha katika chumba cha parokia, ilikuwa inakufa. Watu wanapenda kusoma na kuandika, lakini wakisikia hesabu wanakimbia. Walibaki sita. Musimamizi wa parokia akaniambia: "Mwalimu, Jumamosi wasipofika kumi, chumba nitawapa waimbaji wa korali."

Jumatano sikufungua kitabu. Niliwapa fumbo: tengenezeni namba yenye tarakimu zote kumi, kila moja mara moja tu. Mbili za mwanzo zigawanyike kwa mbili bila kubaki kitu, tatu za mwanzo kwa tatu, ine za mwanzo kwa ine, vile vile mpaka zote kumi kwa kumi.

Mama Sifa, muuza samaki wa soko la Kituku mwenye aliacha masomo mwaka wa tatu wa shule ya primere, akasema palepale: "Zero itakaa mwisho. Bila zero, kumi haiwezi kugawa. Na tano itakaa nafasi ya tano."

Nilishangaa, Papa. Sikuwa nimemufundisha hayo.

Alianza kuandika na makaa juu ya karatoni, sokoni, katikati ya wateja. Namba zake zilikuwa zinafika mpaka sita, halafu zinakwama. "Hii saba iko na roho mubaya!" alilalamika, wenzake wakacheka.

Jumamosi korali wakafika na ngoma zao. Sisi bado sita. Musimamizi akasema tutoke, lakini Mama Sifa alikuwa kwenye tablo na chaki, anaandika: 3816547290.

"Gawanyeni!" akasema.

"Mama, saa imeisha," musimamizi akajibu.

Muimbaji mumoja, mwenye alikuwa amesikia fumbo hilo sokoni, akamuzuia: "Ngoja kwanza, musimamizi. Tuone saba."

Tukagawanya wote. 3816547 kwa saba ikatoa 545221, hakuna kilichobaki. Nane ikapita. Tisa ikapita. Kumi! Ngoma zikapigwa, vigelegele mpaka barabarani. Nikawaambia namba ya namna hiyo iko moja tu, hakuna ingine.

Mama Sifa akakaa chini. "Moja tu?"

"Moja tu, mama."

Akafunika uso na kitenge, analia na kucheka. "Na mimi nimeiona."

Waimbaji saba walijiandikisha siku ile ile. Korali sasa inaimba kwenye baraza, sisi tuko ndani. Mama Sifa anataka kufanya mutihani wa mwisho wa primere, na nitamusindikiza.

Munisalimie Koko, dada Masika na bwana yake fundi wa nguo, na kaka mwenye analima kahawa. Mama akikataa kuamini, umupe krayo ya kuandikia agawanye mwenyewe.

Nawakumbatia wote,
mutoto wenu Kahindo