Aliyebaki Mlangoni

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepunguza ukorofi. Mimi kaka yako sijambo, chuma hakishiki kutu. Ila hasira niliyo nayo ingechemsha maji bila moto. Kaa chini kwanza, ndipo uendelee.

Ile sinema ya kikosi chetu cha miavuli nimeiona. Mwanao ndiye aliyenipeleka. Mimi naigizwa na kijana mmoja mwenye kifua kama kabati. Anaruka kutoka kwenye ndege na kisu mdomoni, na hajagusa ardhi ameshamaliza nusu ya adui. Hapo sina ugomvi nao. Wamepunguza tu.

Lakini shemeji yangu, mumeo, Dada! Jina lake na cheo chake wameviacha vilevile, halafu wamemfanya mwoga. Wenzake wanaruka, yeye kakumbatia mlango wa ndege, analia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, mpaka anateketea nayo. Watu wakacheka. Mwanao hakucheka. Tulipotoka aliniuliza, bila kunitazama, kama kweli baba yake alikufa kwa woga.

Kesho yake nikamfuata mwongozaji ofisini kwake, nikamtolea uvivu. Akatabasamu, eti mimi mwenyewe ndiye niliyewahadithia kwamba shemeji alibaki mlangoni. Mjinga wa mwisho! Kwetu sisi kubaki mlangoni ni kazi, tena ya jabali. Ni yule anayekagua kamba za wenzake, anawatoa mmoja mmoja, naye anaruka wa mwisho. Huyu kasikia mlango, akafikiria mtu aliyejifungia chooni! Nikamwambia arekebishe. Akasema picha imeshakwisha na watu wameipenda, nisipandishe jazba, mzee wa watu. Nikamjibu kwamba marehemu hajitetei, lakini shemeji yake yu hai. Walinzi wanne ndio walionitoa. Watatu wanachechemea hadi leo.

Sasa nisikilize, maana hili silisemi kwa kujitapa. Siku ile ndege ilikuwa imeshika moto, tumebaki mimi na yeye tu. Kamba ya mwavuli wangu ikanizonga shingoni. Angeweza kunipita akaruka zake. Alipiga magoti, akaizongoa kwa vidole vilivyokuwa vinaungua, kisha akanitoa kwa teke la mgongo. Nikamsikia, moto umeshamzingira, akipaza sauti nikuambie kuwa amebaki mlangoni. Maneno hayo nilikuletea. Kamba sikukutajia, Dada. Niliogopa kila ukinitazama utakuwa unamtafuta yeye.

Jumamosi sinema inaletwa kwenye ukumbi wa mtaani kwenu, na nasikia wamekuwekea kiti cha mbele na maua. Kikalie. Nenda na mwanao, kichwa juu. Mimi nitakuja. Sehemu ile ikifika nitawasha taa, na hatoki mtu mpaka wote wasikie kamba ile ilizongolewa na nani. Ukumbi ule una mlango mmoja tu. Safari hii ni zamu yangu kubaki.

Mpe salamu mpwa wangu, mwambie jibu lake linakuja kwa miguu yake.

Ni mimi kaka yako,
mwenye teke la shemeji mgongoni.