Vidude vya Moshi vya Ssalongo

Jumatatu, 4 Machi
Shuka za ghorofa ya pili zimerudi na madoa. Nimezirudisha kwa dobi. Mafundi wanabomoa dari, vumbi kila mahali, hoteli haina mgeni hata mmoja. Wameshusha vile vidude vya zamani vya kunusa moshi, madebe matatu. Nyuma ya kila kimoja kuna alama ya mionzi na onyo: usifungue. Nimemuuliza Ssalongo, mwenye hoteli, vitatupwa wapi. Havitupwi, kasema. Vinauzwa chakavu.

Jumanne, 5 Machi
Nimepiga simu ofisi ya serikali ya mambo ya mionzi. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Chembe iliyomo ni ndogo, kidude kikiwa kizima hakina neno. Kikipasuliwa, chembe ikawa vumbi, mtu akaivuta au ikaingia kwenye chakula, hapo ni balaa. Watakuja Ijumaa kuvichukua. Nimevifungia stoo ya shuka. Ufunguo umo kifuani mwangu. Anayeutaka ajaribu.

Jumatano, 6 Machi
Ssalongo kapandisha mori. Alishamwahidi Papa Bahati, Mkongo mnunuzi wa vyuma chakavu kule mtaa wa Kyebando. "Nyabo, bibi wewe, hoteli ni ya nani? Leta funguo!" Sikuleta. Akanikumbusha kwamba kazi ni yake na chumba ninacholala ni chake. Kweli tupu. Kwetu Kenya sina pa kurudi, nyumba ya mama wamegawana kaka zangu. Niliogopa, sikatai. Ufunguo sikutoa.

Jioni fundi mmoja kanidokezea: vidude vya ghorofa ya chini Papa Bahati alishavibeba Jumamosi. Kesho alfajiri namfuata.

Alhamisi, 7 Machi
Kyebando asubuhi. Wenye tanuri za kuyeyushia chuma hawataki plastiki, kwa hiyo Papa Bahati huketi mlangoni na nyundo, anapasua kila kitu kutoa chuma. Chumba ni kimoja: wanalala humo, wanapika humo, anapasulia humo. Alishavunja vichache. Vifuniko vyeupe mkewe kavifanya vya kuwekea chumvi. Chumvi! Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka.

"Mama, unatukana kazi yangu," akaniambia. "Watoto yangu watakula nini?"

Ana haki ya kuuliza. Nikamwambia aviache vyote, vizima na vibovu, aje achukue vitanda vya chuma vilivyo uani hotelini. Vitanda si vyangu. Ni vya Ssalongo, vinaoza mvuani miaka nenda miaka rudi. Ningemuuliza angekataa, basi sikumuuliza.

Nikampigia yule dada. Kasema tutoke wote, tusifagie, tusiguse kitu. Wamekuja mchana na vipimo vyao, wamepangusa chumba, wamebeba vidude, chumvi na nyundo. Jioni Papa Bahati kachukua vitanda. Nilimfungulia geti mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Gari lao limekuja kwa mzigo wa stoo. Ssalongo kawapa mikono, kawaambia hoteli yake haichezi na usalama. Mwongo mkubwa. Walipoondoka akauliza vitanda viko wapi. Nikamwambia. Nimefukuzwa hapohapo, mbele ya mafundi. Alikuwa anangoja nimwombe msamaha. Na angoje.

Jumapili, 10 Machi
Niko mtaa wa Makindye, kwa binamu yangu. Nalala sakafuni, mgongo unauma. Kazi sina. Baada ya misa nililia kidogo, kisha nikaona inatosha.

Mchana simu. Papa Bahati.

"Mama, mutu ameniletea mashini, iko na ile alama. Sijapiga nyundo. Nifanye je?"

Nimempa namba ya yule dada. Halafu nimefua blauzi zangu, nikazianika.