Mayai ya Kahawia

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nina jambo linanilemea wiki ya pili sasa na sina wa kumwambia, maana dada yangu atacheka na mume wangu ndiye niliyemkosea. Mume wangu ni fundi saa, miaka ishirini na sita anafungua saa za watu, mpaka mwaka jana alipopatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukabaki unatetemeka, akafunga kazi, akawa mtu wa kukaa tu sebuleni. Binti yetu akamletea tangi la kioo na kambare sita wadogo wa urembo, wale wenye sharubu, na taratibu nikaona mtu wangu anarudi, mara anasoma kitabu cha samaki, mara anapima maji, akaniambia ukiwaongezea maji ya baridi kidogo wanadhani mvua imenyesha, na kweli, asubuhi moja tukakuta kioo kimejaa mayai. Shangazi, aliyabandua moja moja kwa kidole, kwa mkono ule ule, saa nzima, akayaweka kwenye bakuli lenye pampu ya hewa ili wazazi wasiyale, na siku hiyo alicheka, nilikuwa nimesahau anachekaje. Kesho yake akaenda kliniki ya mazoezi, mimi nikachungulia bakuli nikaona machache meupe safi na mengine yote yamegeuka kahawia, na mimi ni mpishi wa shule, nimezoea kuchambua maharage, lililobadilika rangi natupa nje, basi nikachukua kijiko nikatoa yote ya kahawia, kama arobaini hivi, nikijua namsaidia. Yale meupe yakaota ukungu, hakuna lililoanguliwa. Ndipo nikasoma kitabuni kuwa ya kahawia ndiyo yaliyokuwa na uhai. Yeye hajui, anadhani yaliyopungua yalipasuka alipoyabandua. Aliutazama mkono wake akasema, "Nimeyaminya. Mkono huu haufai tena." Jumamosi anawagawa samaki kwa jirani. Nimwambie, au nimnunulie wengine yaishe?

Mpishi

Mpishi, marahaba. Pole, ila si pole sana. Bakuli halikuwa lako na mwenyewe alikuwa anarudi siku hiyo hiyo, ungemsubiri. Hata hivyo, la kijiko nimekusamehe. Lisilosameheka ni wiki mbili kumwangalia mtu anaulaumu mkono wake kwa kosa lililofanywa na wako. Unaogopa atafoka? Afoke. Mtu aliyekaa tu sebuleni tangu mwaka jana akikufokea, mshukuru Mungu.

Samaki wapya wa nini? Hao sita kazi wanaijua. Leo, kabla hujabandika sufuria, kaa naye mbele ya tangi umweleze yote. Usianze na "nilitaka kukusaidia". Hilo liweke mwisho, au uliache kabisa. Akishatulia, aongeze maji ya baridi, wasubiriwe. Wakitaga, abandue yeye. Wewe shika bakuli, kijiko kibaki jikoni.

Na kuna jambo umeliandika mwenyewe bila kuliona. Yai lililominywa halifiki kugeuka kahawia. Hugeuka lile lililobanduliwa kwenye kioo likiwa zima, lenye kiumbe ndani. Kwa hiyo mkono ule unaotetemeka uliyatoa salama mayai arobaini, na aliyeyaona ni wewe peke yako. Mwambie idadi hiyo kabla ya Jumamosi.