Uso wa Baba Mado

Jumapili, 5 Julai
Misa ya pili. Baridi ya kukata masikio. Nimepika bukari, ugali wetu, na mchicha wa lengalenga, tumekula watatu: mimi, binti yangu Georgette na mjukuu wangu Mado. Baba Mado amekula nje, nyuma ya jiko. Kama kila Jumapili. Mkwe hali mbele ya mama mkwe. Mwiko huo kwetu kaskazini mwa mkoa tunauita buko, kwao Kasai wanaita buku, sheria ni ile ile. Asinitazame usoni, nami nisimtazame. Jina lake silitaji. Miaka mitano sasa namjua kwa kikohozi na kwa viatu.

Barua ya Édouard kutoka Liège, ng'ambo. Mwanangu amechoka na picha za karatasi, anataka kutuona tukitembea. Padri amenikabidhi bahasha ya fedha alizotuma za kununulia kamera ya video. Barua inasema: "Mama, chagua mwenyewe." Mimi! Nimefundisha darasa la pili miaka thelathini, nijue nini cha kamera? Anayejua mashine katika ukoo huu ni mmoja tu, fundi wa redio na televisheni, na huyo hatusemezani.

Jumanne, 7 Julai
Kichekesho cha mwaka. Tumekwenda dukani kwa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, anayeuza kila kitu kuanzia chumvi hadi jenereta. Mimi mbele ya meza, Baba Mado mlangoni amenipa mgongo, na katikati Mado wa miaka minne akipeleka maneno. Mimi ananiita Kambo, yaani bibi.

Kamera mbili. Moja kubwa, ya kubeba begani, inameza kaseti kubwa nzima. Nyingine inaenea kwenye kiganja, kaseti yake kama kipande cha sabuni. Niliitaka kubwa. Kitu kikubwa kinaonekana.

"Mado, ambia Kambo asikamate ile ya bega. Iko nzito, mukono itatetemeka, picha yote itacheza."

"Mado, uliza baba yako: hii kaseti ya kadogo itaingia fasi gani mu video yangu?"

Akajibu akiutazama mlango. Kuna kasha, kaseti ndogo inaingia tumboni mwake, kisha kasha linaingia kwenye video ya nyumbani. Halafu akamwambia mtoto mambo mengine, nami nikiyasikia yote: nisidanganyike na namba za kuvuta karibu, miguu yangu ndiyo itanisogeza. Niangalie kama inaona penye mwanga mdogo. Nidai betri ya pili. Kambale alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Siye kwetu mukwe tunakula naye sahani moja, Mama." Nikamwambia kwenu ni kwenu.

Nimechukua ndogo. Sikumshukuru mkwe. Nilimpa Mado biskuti, ndiyo shukrani.

Jumapili, 12 Julai
Filamu ya kwanza. Wote wamesimama ukutani, mikono chini, kama wanasubiri hukumu. Nimepiga kelele: tembeeni! Hakuna anayetembea. Baba Mado, kila nikigeuza kamera, anatoroka. Nimepata kisigino chake kikiingia jikoni. Kicheko.

Jumamosi, 25 Julai
Georgette kaniletea ukurasa wa daftari. Baba Mado ameandika jinsi ya kukata filamu. Waya kutoka kamera hadi video. Kamera inacheza, video inanakili kwenye kaseti kubwa. Ukifika pasipofaa, bonyeza pause kwenye video, acha papite, achia. Kinachobaki ni ulichokitaka. Mwandiko mzuri, nikiri. Mwisho, kwa herufi kubwa: MAMA, KASETI YA MBELE, ILE NDOGO, USIANDIKE PICHA INGINE JUU YAKE. CHUNGA.

Miaka mitano, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu bila kupitia kwa mtu.

Alhamisi, 6 Agosti
Sipendi ninayoyasikia sokoni. Watu wa Kasai waende kwao. Kwao wapi? Baba Mado amezaliwa hapa, babu yake aliletwa kutandika reli pamoja na babu yangu. Vijana wanapita wakiimba. Mlango wa jirani yangu, naye mtu wa Kasai, umechorwa msalaba wa chokaa. Asubuhi niliufuta kwa kitambaa chenye maji. Mchana ulikuwa umerudi.

Jumamosi, 15 Agosti
Sikukuu ya Bikira Maria. Walikuja wote, vijana au hakuna vijana. Mado ndani ya gauni jeupe, nikamfuata na kamera uani. Alikimbilia nyuma ya jiko, nami jicho langu kwenye tundu la kamera, sitazami ninakokwenda.

Alikuwa pale, anafungua redio. Mtoto akamrukia mgongoni. Akageuka, akacheka, akatazama moja kwa moja ndani ya kamera. Nadhani alidhani ni Georgette.

Nikamwona. Ana mwanya. Sikujua kama ana mwanya. Kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Macho yanafungwa kabisa anapocheka. Kisha alinitambua, akaficha uso kwa kiwiko, nami nikakimbia kama mwizi wa kuku.

Baadaye Georgette aliicheza kwenye televisheni, akacheka na kulia. "Mama, ule iko bwana yangu kabisa." Nikazima. Haya tupu.

Jumapili, 23 Agosti
Nimekata filamu ya Édouard kwa kufuata ule ukurasa. Kazi ya siku mbili, kidole kimekufa ganzi. Palipo na uso wa mkwe nilibonyeza pause, nikageuka ukutani, nikahesabu hadi kumi, nikaachia. Watu wa ukoo wataitazama Liège, waseme mimi, Mama Véronique, namkodolea macho mkwe wangu? Filamu imetoka safi. Padri ataondoka nayo kesho.

Kaseti ndogo mpya hazipo. Kambale amefunga duka. Nimerekodi juu ya ile ile ya sikukuu: shamba langu la Kasungami, matuta ya viazi, mbuzi wa jirani. Nimejisikia fundi.

Ijumaa, 4 Septemba
Georgette na mumewe wamechomewa nyumba. Vijana waliingia saa nne asubuhi, mchana kweupe, wakatoa vitu barabarani wakawasha moto. Kitanda. Redio za wateja. Albamu ya harusi. Baba Mado aliruka ukuta na mtoto mgongoni. Georgette amekuja kwangu na kiatu kimoja.

Nimesema walale hapa wote. Mado alipeleka neno nje. Jibu likarudi: mkwe halali chini ya paa la mama mkwe. Ni kweli. Kuku wa kumfungulia mkwe mlango, anayeliwa pamoja ili buko iishe, hatujamla, tulisema tungemla akizaliwa mtoto wa pili. Ningeweza kutoka nje nikamshika mkono nikamvuta ndani. Nilitandika mkeka jikoni, nikaacha hapo. Hakuulalia. Amekwenda stesheni walikojazana wenzake wakisubiri treni ya Kasai.

Jumapili, 13 Septemba
Georgette amemfuata, na Mado. Nimemwambia wewe ni mtoto wa hapa, hakuna atakayekugusa. Amesema yeye ni mke wa mtu. Ndivyo nilivyomlea.

Stesheni nzima ni mashuka yaliyofungwa kwenye kamba. Kila familia na shuka lake. Nimepeleka bukari ndani ya kitambaa, nikaweka chini, nikampa mkwe mgongo ili ale. Nyuma yangu nasikia anakohoa. Kikohozi kimebadilika.

Jumamosi, 26 Septemba
Treni imeondoka. Mabehewa ya mizigo, watu juu na ndani. Kamera niliiacha nyumbani, askari wanazinyang'anya.

Nilimpa Georgette pagne tatu, vitenge vyangu, na dawa ya kuharisha. Nilimnusa Mado shingoni. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu, karibu, bila mtoto katikati: "Mama, bakia muzuri. Utusamehe."

Sikugeuka. Niliitikia kwa kichwa, nikiwa nimeyakazia macho magurudumu ya treni. Heshima! Hata dakika ile nilikuwa na heshima. Nilipogeuka, mlango wa behewa ulikuwa unafungwa, nikaona mkono wake tu, umemshika Mado kiunoni.

Jumatano, 14 Oktoba
Joto. Vumbi. Hakuna habari. Nusu ya mtaa ni milango iliyong'olewa. Misa ya kwanza, viti vitupu. Nina hasira na wanaoketi kwenye viti vya wenzao bila hata kuvipangusa.

Édouard ameandika. Filamu imefika, wameitazama mara sita. "Lakini Mama, shemeji mbona simuoni?"

Alhamisi, 5 Novemba
Mzee mmoja wa reli, aliyefanya kazi na marehemu mume wangu, ameniletea barua ya Georgette. Alivua kofia kabla ya kunipa. Nikajua.

Baba Mado amekufa. Tumbo, kisha damu. Siku ya sita njiani, baada ya Kamina, treni imesimama bila injini. Wamemzika kando ya reli, chini ya mti asioujua jina. Georgette na Mado wamefika Mwene-Ditu, wako kwa dada wa marehemu, wanalala sebuleni.

Ukurasa wa pili nimeusoma nikiwa nimesimama: "Mama, Mado anaanza kusahau. Anauliza baba iko na uso wa namna gani. Picha zote ziliungua. Niletee ile kaseti ya Bikira Maria, pale anacheka. Kuna video kwa jirani. Mzee anarudi huku Jumanne, umupatie. Ni ile tu nakuomba."

Ni ile tu.

Ijumaa, 6 Novemba
Nimetazama kaseti yote tangu asubuhi. Gauni jeupe linakimbia, linakata kona ya jiko, kisha mbuzi. Mbuzi wa Kasungami anatafuna. Nimeirudisha labda mara ishirini. Gauni, kona, mbuzi.

Aliniandikia. Kwa herufi kubwa. Nilisoma, nikaona mwandiko mzuri.

Majuto mjukuu, nilikuwa nikiwaimbisha watoto darasani. Mjukuu wangu yuko Mwene-Ditu anatafuta uso.

Jumamosi, 7 Novemba
Nimetafuta kwenye kila kaseti. Nimepata kisigino. Nimepata mgongo wenye shati la kijani, mara tatu. Kiwiko. Mkono unaoweka sahani dirishani. Na sauti, ambayo sikuwa nimeisikiliza kamwe: nikiwa nampiga picha Georgette akisuka nywele za Mado, nje ya picha mtu anapiga mluzi, anasema, "Mado, kunja shingo, mama asikuvute." Basi. Hivyo ndivyo nilivyomtunzia mtoto baba yake.

Nimefikiria kuandika kwamba kaseti imeibiwa. Hakuna atakayeshangaa, mji mzima umeibiwa. Kalamu ilikuwa mkononi.

Jumatatu, 9 Novemba
Umeme umerudi saa tatu asubuhi. Nimetoa ukurasa wake wa daftari, nikaunganisha waya. Nimenakili kwenye kaseti kubwa, ile inayoingia kwenye video ya mtu yeyote: mgongo, kisigino, mkono, mluzi. Yote pamoja hayafiki dakika mbili.

Kisha nimeweka kamera juu ya gunia la makaa uani, ndani yake kaseti ya mbuzi, pale ilipobaki tupu, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nyuma ya jiko, pale alipokuwa anakula.

Nimemwambia Mado kwamba nilimfuta baba yake kwa kidole changu mwenyewe, na kwa nini. Kwamba buko ni kitu kizuri na kwamba mimi nilikitumia vibaya. Kisha nimemweleza uso. Mwanya wa juu, mpana wa kupitisha punje ya muhindi. Kovu juu ya nyusi ya kushoto. Macho yanayofungwa kabisa akicheka, kama yako, Mado, jitazame kwenye kioo ukicheka, ndiyo hayo. Nilimwona mara moja tu, lakini nilimwona vizuri.

Nimetaja jina. Kabeya. Mara ya kwanza lilitoka na mate, kama neno la lugha ngeni. Nimelirudia. Baba yako anaitwa Kabeya.

Nimeyanakili na haya kwenye kaseti kubwa, na mara hii sikukata kitu. Hata jogoo wa jirani, nimeacha. Kaseti ndogo nimeitia ndani ya soksi, nikaiweka chini ya Biblia. Hakuna atakayeandika juu yake.

Jumanne, 10 Novemba
Mzee wa reli amepita saa moja. Nimefunga kaseti kubwa ndani ya pagne, na pamoja nayo ule ukurasa wa daftari. Mtoto awe na mwandiko wake.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Nitakwenda Kasungami kupanda muhindi. Nimechukua kuku mmoja, yule wa kumfungulia mkwe mlango, nimempika, nimepakua sahani mbili. Moja nimeiweka kwenye kigoda nyuma ya jiko. Nimekaa nikiitazama, nikala yangu.