Kioo cha Mjomba

3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini u mzima huko kwenye ulinzi. Sisi wazima, mama mgongo umempoa. Shule nimemaliza, nasubiri matokeo.

Ile kamera ya papo kwa papo uliyoiacha juu ya kabati ulipofunga studio nimeikata. Nilitumia msumeno wa chuma. Nimetoa mgongo wake nikaweka kisanduku cha mbao cha kulaza simu. Picha nikiifungua kwenye simu, skrini inatoa mwanga, lenzi inaupeleka kwenye karatasi, na karatasi inatoka mdomoni kama zamani. Kioo cha ndani kilikuwa kimepasuka, nikakitupa.

Fundi simu alinipatia pakiti ya karatasi nane. Tano zimeharibika.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa. Nigombeze tu, ila usinyamaze. Miaka minne hujakanyaga hapa.

Mpwa wako


24 Februari

Mjomba, shikamoo.

Habari za tangu siku ile? Sisi hatujambo.

Hujajibu. Mama anasema, "Mwache. Kaka yangu akinuna, ananuna mpaka mwezi uandame." Nakutumia picha yake, ya kwanza kutoka vizuri. Alikuwa anachambua mchele, akakataa kusimama. Zimebaki karatasi mbili.

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Mimi mzima, kikohozi kimeniachia. Msalimie dada.

Nilikasirika, sikufichi. Simu ndizo zilizofunga studio yangu, na niliapa sitashika picha iliyotoka kwenye simu. Yako niliitia chini ya godoro. Wiki ya tatu nikaitoa, niitazame mara moja niichane.

Sikuichana. Kidoti cha mama yako kiko shavu la kulia. Nimempiga picha yule tangu hana meno ya mbele, kidoti kiko kushoto. Nikaketi na hiyo picha zamu nzima. Mwenzangu getini akaniuliza kama ni mchumba. Nikamwambia ni kosa la kiufundi.

Kile kioo ulichotupa hakikuwa pambo, mpwa wangu. Kamera za aina ile hupeleka picha kwenye karatasi kupitia kioo. Ukikitoa, kulia kunakuwa kushoto. Wewe ukaona kimepasuka, ukakitupa kama ganda la ndizi!

Humu kuna kipande. Kilikuwa kioo cha studio, kile cha wateja kuchania nywele. Nilihama nacho, nikawa nanyolea. Fundi vioo amekikata kwa kipimo nilichokumbuka, mabaki yakavunjika. Kiweke kwa mshazari, ukifute kwa kitambaa kikavu, usikiguse kwa kidole.

Usinishukuru. Wewe umekata changu, na mimi nimekata changu.

Mjomba wako


15 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Tunaendelea vizuri. Kioo kimefika salama ndani ya soksi. Soksi mama ameifua.

Kilizidi kidogo, nikachonga mbao badala ya kukikata tena. Nimempiga mama picha. Kidoti kiko kushoto. Pembeni yake kuna kivuli chembamba, nadhani kwa unene wa kioo, kama mama wawili. Amesema vizuri, mmoja apike, mwingine alale. Picha ameichomeka kwenye fremu ya dirisha, hataki niitume.

Kuna jambo lazima niseme. Siku moja kabla soksi haijafika, fundi simu alinionyesha kuwa simu yenyewe inaweza kugeuza picha. Unabonyeza mara moja tu. Sijabonyeza.

Imebaki karatasi moja. Mama kila akipita anaitazama kamera, halafu anauliza kama kuna barua.

Mpwa wako


23 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Mimi sijambo. Hiyo karatasi usiiguse, na dada asiiguse. Nimeomba ruhusa kazini, Jumamosi nafika.

Mtanikuta na ndevu. Nitanyolea huko, hapa sina kioo.

Mjomba wako